Mtu Asiyekuwa na Mtani

Wabelgiji walimwita monitere, kwa kuwa kwao mwalimu mweusi hakuweza kuwa zaidi ya hapo. Sisi tulimwita Profesa. Alitufundisha jiografia katika shule ya misioni pale Kasongo, na kama kuna mtu aliyepotea njia mara nyingi kuliko yeye katika Maniema yote, basi mtu huyo bado hajarudi kutuambia.

Mniamini. Profesa aliweza kupotea kati ya kanisa na soko. Lakini mpe chaki: alikuchorea Ulaya nzima ubaoni macho yake yakiwa dirishani, pamoja na mito ya Ubelgiji ambayo serikali ilitaka tuijue kabla ya yetu. Mezi, Esko, Sambre. Tuliiimba tukilima shamba la Padri, tukaiimba tukivuka vijito na suruali zimekunjwa hadi mapajani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona, na sidhani kama mito yenyewe ilisononeka.

Alhamisi alasiri, na likizo zote, alitutoa nje. Padri Direkteri, mkuu wa shule yetu, alikubali upesi, kwa kuwa mwanafunzi aliye safarini hali chakula cha misioni. Tulikwenda kuona matanuri ya zamani ya kuyeyushia chuma, yaliyobaki vichuguu vya udongo mwekundu. Tulikwenda kwa wafinyanzi, tulikwenda Nyangwe kuona mitumbwi ikichongwa, tulikwenda hadi Kabambare, siku kadhaa kwa miguu. Alitaka tujue wimbo upi huimbwa udongo ukikandwa, nani haruhusiwi kukaribia tanuri, na kwa nini watu wa kijiji fulani hawagusi nyama ya kondoo. Kuandika alitukataza. "Weka kalamu," alisema. "Wakiona kalamu wanadhani tumeleta kodi."

Kuhusu kupotea alikuwa na jibu lake, maana mtu wa aina ile hakosi jibu. Anayejua njia, alisema, hupita. Aliyepotea huuliza, akiuliza hukaribishwa, akikaribishwa hula. Na kweli tulikula. Sombe, majani ya muhogo kwa mawese, niliyokula katika vijiji ambavyo hatukukusudia kufika ni tamu kuliko zote nilizopikiwa nyumbani, na marehemu mama yangu anisamehe.

Halafu mtu huyu aliyetutembeza namna ile hakupenda kutembea hata kidogo. Alilalamika tangu tunapotoka uani. Jua, vilima, siafu, vyote vilimkosea yeye binafsi. Viatu vyake vyeusi alivitundika shingoni kwa kamba zake, akatembea peku hadi ukingo wa kijiji. Hapo alikaa chini, akajifuta nyayo kwa majani, akavivaa kwa heshima, akaingia akichechemea, kwa kuwa vilimbana. Tukitoka kijijini vilirudi shingoni.

Na hodi zake! Profesa hakuingia mahali popote bila hodi. Utasema ni adabu, kila mtu aliyelelewa hupiga hodi. Lakini huyu alipiga hodi nyumbani kwake mwenyewe, alikoishi peke yake na kuku mmoja. Alipiga hodi mlangoni mwa darasa lake, akangoja tuseme karibu. Sisi watukutu, siku za mtihani tulinyamaza. Alisimama nje, tukamsikia akikohoa. Siku moja mvua ilimkuta pale mlangoni na bado hakuingia, mpaka mwenzetu mmoja mrefu, tuliyemwita Ngongoti, akaona huruma akaita karibu. Profesa akaingia akichuruzika maji, akatufundisha habari za mawingu. Hakumwadhibu mtu. Tuliona aibu kwa siku mbili nzima, muda mrefu kwa watoto wa aina yetu.

Alikotoka hatukujua. Tukimuuliza kwao ni wapi alijibu, "Nyuma ya mlima," na ukisimama Kasongo, milima haikosi upande wa kunyooshea kidole. Kabila lake hakulitaja, ukoo wake hakuutaja. Kwa mtu mwingine lisingekuwa jambo kubwa. Kwake lilikuwa kubwa, kwa sababu kazi yake yote aliisimamisha juu ya utani.

Ninyi vijana wa leo mnadhani utani ni mzaha tu. Kwetu ulikuwa sheria. Ukoo fulani na ukoo fulani ni watani tangu zamani za mababu, labda walipigana, labda walioana, labda walilishana katika njaa moja. Mtani wako atakutukana mbele ya wakwe zako, atachukua kuku wako mchana, atalala ndani ya kaburi la baba yako agome kutoka mpaka mumpe kitu. Nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mkosaji, wewe ndiye unayetozwa mbuzi. Profesa alijua utani wa koo zote toka Lualaba hadi ng'ambo ya Luama. Kabla hatujaingia kijiji aliuliza nani kati yetu ana watani pale, na huyo ndiye aliyetangulia. Mwanafunzi aliingia, akamtukana mzee wa kijiji matusi mazito, mzee akacheka hadi machozi, milango ikafunguka yote. "Jiografia ni hiyo," Profesa alituambia. "Kujua nani anaingia nyumba ya nani bila hodi." Sisi tuliingia. Yeye alibaki nyuma, akapiga hodi yake.

Safari moja alimtanguliza Ngongoti kwa watani wake. Ngongoti akamkuta mzee ameketi akisuka mtego wa samaki, akamwambia kwamba kichwa chake kinafanana na kiazi kilichochimbwa na nguruwe, na kwamba amekuja kuchukua mke wake mdogo. Mzee hakucheka. Watoto wake hawakucheka. Ndipo tulipojua kwamba Profesa, kama kawaida yake, alipotea: watani wa Ngongoti walikuwa kijiji kinachofuata, ng'ambo ya kijito. Sijawahi kuona viatu vile vikivuliwa upesi namna ile. Tulikimbia na sufuria zetu, Profesa mbele, na mtu aliyelalamikia vilima maisha yake yote alipanda kilima kile bila neno.

Nilimuuliza siku ile, tukiwa tunahema porini, watani wake yeye ni akina nani. Alitazama pembeni. "Miye sina mutani," akasema. "Nani atanichukulia kuku?" Tulicheka, maana tulimjua yule kuku, hakuwa wa kutamaniwa. Leo sicheki.

Kijiji alichokipenda kuliko vyote kilikuwa ng'ambo ya Luama, upande wa Kabambare. Alikipenda kwa sababu ya ngoma na kwa sababu ya Bibi. Ngoma ilikuwa ya mti mtupu, bila ngozi, imechimbwa tumbo kupitia ufa mmoja mrefu, ina sauti mbili, ya kike na ya kiume. Iliweza kusema. Mtu akifa, iliita jina lake na la baba yake, na ndugu waliokuwa mbali wakafunga mizigo kuja kuzika. Bibi alikuwa mama wa chifu, mzee hata meno hana, ulimi anao. Alimwita Profesa "Mutu wa Hodi" na kumwacha mlangoni muda mrefu kwa makusudi ndipo amkaribishe. Wasiwasi wake ulikuwa mmoja tu. Ndugu zake wote walikuwa ng'ambo ya pili ya mto, upande wetu, na aliogopa kufa bila wao kusikia. Ngoma ile ndiyo ingemwita. Alitwambia hivyo kila tulipokwenda, nasi tukamwahidi kwamba hafi.

Sasa Profesa alikuwa na kasoro moja ambayo jiografia haikuitibu, nayo ni majivuno. Sikukuu ya shule, Padri alimwalika Bwana Teritware, yule Mbelgiji mkuu wa teritware, wilaya yetu. Profesa akapewa divai kidogo. Bwana Teritware akasema kwa hisani kwamba ni huzuni, nchi hii haina urithi wowote wa kuonyesha. Mngemnyamazisha Profesa vipi hapo? Alisimama, viatu vinambana, akaeleza ngoma ya ng'ambo ya Luama, sauti zake mbili, umri wake, kijiji chake. Alieleza vizuri sana. Bwana Teritware alisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba anakaribia kwenda likizo Ulaya, na kule kuna nyumba ya makumbusho itakayofurahi kupokea kitu kama hicho. Likizo ya Pasaka atakwenda kukichukua, na monitere atamwonyesha njia.

Profesa aliketi. Nilimwona akiitazama divai iliyobaki, hakuigusa tena.

Kesho yake alfajiri alimtuma Ngongoti atangulie Luama kwa kinga ya kuazima, baiskeli isiyo na breki. Watani wa kijiji cha Bibi walikuwa wafinyanzi, na mama yake Ngongoti alizaliwa huko kwa wafinyanzi. Alichotumwa kuwaambia ni kifupi: nendeni mkachukue ngoma ya watani wenu, haki yenu, wenyewe wakalilie mbali.

Basi Pasaka tuliondoka, Bwana Teritware mbele, mapolisi wawili, sisi wanafunzi tumejitwika meza yake ya kukunja na kitanda chake, Profesa kiongozi wa njia. Tulipotea mara ngapi? Hata leo sijui kama alipotea kwa makusudi au alipotea tu, maana hata yeye hakuwa mtu wa kutofautisha. Tulipofika, chifu akaletewa Biblia, akaapa. Ngoma haipo. Imechukuliwa na watani. Alikuwa Mkristo safi, hakusema uongo hata neno moja. Bwana Teritware akamwambia awashtaki. Chifu akashtuka kweli kweli: amshtaki mtani? Atozwe mbuzi, achekwe hadi Kongolo?

Tukaenda kwa wafinyanzi. Ngoma haipo. Watani wao wahunzi walipita juzi, wakaibeba kwa mti mabegani huku wakiwatukana. Tukaenda kwa wahunzi. Haipo, watani wao wa Nyangwe, watu wa mitumbwi, wameishusha mtoni. Bwana Teritware alikuwa mwekundu, nyayo zimechubuka, lakini hakuwa mjinga, na kila tulipofika alilazimika kungoja, na akingoja Profesa alimweleza. Alimwonyesha udongo unavyokandwa. Alimwonyesha tanuri, akamwambia lilivyowashwa na nani aliyekatazwa kulikaribia. Kufika kwa wahunzi yule Mzungu alikuwa anauliza maswali mwenyewe. Kwa nini huyu ni mtani wa huyu? Na yule? Profesa akasahau hatari, akajibu kwa raha, na sisi na meza yetu kichwani tukajua kwamba hii ndiyo safari ya somo iliyofana kuliko zote.

Nyangwe, ngoma haipo. Imekwenda Kasongo, kwa Waungwana, watani wa watu wa mitumbwi tangu siku za misafara. Kasongo, mtaa wa Waungwana, nyuma ya msikiti, mzee mmoja wa kofia nyeupe akatupokea kwa kahawa na masikitiko. Alisema wao na watu wa misioni hawaachani kwa maneno: hawa huwaita wale wala nguruwe, wale husema hawa hunenepa mwezi wa kufunga, na hajasikia mtu aliyekasirika. Kama huo si utani, utani ni nini? Basi watu wa misioni wamekuja na kuichukua.

Bwana Teritware aligeuka polepole akamtazama Profesa. Kengele ya kanisa letu ilikuwa imepasuka tangu Noeli, mpya inangojwa toka Ulaya, na Padri Direkteri alikuwa akimlilia kila mtu amtafutie ngoma ya kuitia watu misani. Wakati huohuo, toka upande wa misioni, ikalia. Sauti ya kiume, sauti ya kike. Tulikuwa tumezunguka nusu ya Maniema kufuata kitu kilichokuwa kinamwita Mzungu kanisani.

Padri hakuitoa. Alisema ameibariki, ni mali ya Kanisa, na serikali ikitaka iandikie Roma. Hawa wawili walikuwa wakitupiana maneno kila Jumapili wakicheza karata barazani, na siku ile walitupiana mengi. Bwana Teritware akaenda likizo mikono mitupu. Kabla hajaondoka aliagiza kwamba monitere asiyejua njia apelekwe mahali pasipo na njia. Akamtupa katika shule ya nyasi ng'ambo ya Luama, kijiji cha Bibi hasa. Wazungu wengine ni kama wanakutania bila kujua.

Lakini msidhani Profesa alikwenda akicheka. Ngoma ilipona kwenda Ulaya, ndiyo, lakini haikurudi kwao, na kinywa kilichoiondoa ni chake. Alikwenda viatu shingoni, akapiga hodi kwa Bibi, akaachwa mlangoni kuliko siku zote. Alipokaribishwa alimwambia kwamba ngoma itarudi kabla hajafa.

"Basi miye sitakufa," Bibi akamwambia. "Lakini fanya mbio."

Miaka ikapita. Mimi nikamaliza shule, nikawa karani katika ofisi ya teritware, na suruali ya kaki na mwavuli mweusi wa mpini wa kuinama ambao niliupenda kuliko ilivyo halali kupenda mwavuli. Bwana Teritware yule alikwisha kwenda, amekuja mwingine, naye akarithi karata za Jumapili na matusi yake. Kengele mpya ilikwisha kufika. Ngoma ilikaa nyuma ya kanisa, na kuku wa Padri walitaga ndani yake.

Siku moja nikasikia hodi mlangoni mwa ofisi. Watu walikuwa wakiingia na kutoka, wanasukumana, na mtu mmoja amesimama nje akingoja aambiwe karibu. Amezeeka, viatu ni vilevile. Nikamkaribisha, nikamletea kiti. Akausifu mwavuli wangu, akanicheka kwamba nimenenepa kwa kodi za watu. Kisha akasema Bibi yuko mkekani, hainuki tena, na kila asubuhi anauliza kama imefika.

Nikamwambia ukweli, kwamba Padri hatoi. Wameshamwomba, anasema ni kumbukumbu.

"Weye sasa ni mutu wa ukoo gani?" akaniuliza.

Nikamtajia ukoo wa baba.

"Hapana. Unakula chumvi ya nani?"

"Ya teritware."

"Na Bwana Teritware na Padri, Jumapili wanaambiana nini?"

Nikamweleza. Bwana humwita Padri pipa la divai ya misa. Padri humwita Bwana mpagani mtoza kodi.

"Ni nani anakasirika?"

Nilikuwa nimeshaona anakonipeleka. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Karani aliyeiba misioni angefungwa, na kabla ya kufungwa angechapwa. Yeye alikaa tu, mikono magotini, akiniangalia alivyotuangalia zamani tukiombwa kutaja mto. Nikafikiri juu ya yule bibi kizee akimeza pumzi yake kwa kutusubiri sisi.

Kamioni, lile lori la teritware, ilikuwa inakwenda Kabambare na magunia ya chumvi. Saa saba mchana, Wazungu wamelala, tuliisimamisha nyuma ya kanisa. Nikawatoa kuku, nikayaweka mayai pembeni kwa adabu. Tulipokuwa tunaipakia, mimi na Profesa na dereva, nikainua macho: Padri Direkteri amesimama barazani na kanzu ya ndani, anatutazama.

Sikukimbia. Nikasema, "Padri, watani wako wamekuja."

"Watani gani?"

"Teritware."

Akawatazama kuku wake, akaitazama kamioni. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, akashika nguzo, akacheka mpaka akakaa chini. Jumapili, niliambiwa na boi aliyewaandalia meza, alimwambia Bwana Teritware kwamba amemwibia kiota cha kuku wake. Bwana Teritware hakujua lolote. Lakini kukubali kwamba hajui kinachofanywa na kamioni yake? Alisema ndiyo, na bado atamwibia kengele.

Luama tuliivuka kwa kivuko, Profesa ameketi juu ya magunia na mkono mmoja juu ya ngoma. Bibi tulimkuta hai. Alitolewa nje na mkeka wake, akaipapasa, akanusa, akasema inanuka kuku. Kisha akadai tangazo lake. Chifu akasema, mama, hujafa. Akasema anajua vizuri kama amekufa au hajafa, lakini amengoja miaka yote hii, anataka kusikia kwa masikio yake jinsi atakavyoitwa, na nani ataitika. Hakuna aliyethubutu kumpinga. Ngoma ikapigwa. Ikamwita jina lake, na la baba yake, na ikasema amelala.

Halafu ng'ambo ya mto ngoma ndogo ikajibu. Halafu nyingine mbali zaidi. Bibi alihesabu kwa vidole, akataja ndugu mmojammoja aliyeitika. Kesho yake wakafika, wamejipaka majivu, wanawake wanalia, mbuzi wanavutwa, wakamkuta marehemu ameketi anakula uji na kuwauliza mbona mmechelewa. Watu walikasirika, wakacheka, wakakasirika tena. Mbuzi waliliwa. Profesa alikuwa pembeni ya nyumba anajifuta uso kwa mkono wa shati, nami nilimwacha, maana nilikuwa nafanya hivyohivyo.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Ulikuwa mwaka ule wa mwisho wa Wabelgiji, wakati wa kuvuna mpunga. Nilikuwa chumbani kwangu Kasongo navaa, nikasikia kiti kinaburuzwa sebuleni. Nikatoka na fimbo. Profesa ameketi, anakunywa maji kutoka mtungi wangu, viatu shingoni.

Hodi sikuisikia. Nikasimama pale na fimbo yangu.

Akasema Bibi amekwenda. Safari hii kweli. Ngoma ilipigwa ikamwita, na ng'ambo ya pili ya Luama, kwa ndugu zake, ngoma zilijibu kwa matusi, watu wakabaki majumbani wakicheka. Mara ya pili hawadanganyiki! Ngoma ikapigwa tena, wakacheka zaidi. Jua likawa linapanda na Bibi hana ndugu hata mmoja. Basi Profesa akavuka mwenyewe, na miguu ile. Nyumba ni nyingi, alisema, na hodi zake ni ndefu. Katika nyumba ya kwanza akaona hakuna wakati. Akaingia tu. Akaingia ya pili, na ya tatu, hadi vyumbani, hadi jikoni. Walipomwona Mutu wa Hodi amesimama ndani bila kukaribishwa, hawakumuuliza kitu. Wanawake walianza kulia palepale. Walikuja wote, akazikwa na ndugu zake wote.

"Na hakuna aliyenifukuza," akasema. Alilisema hilo polepole, bado linamshangaza.

Tulikula sombe. Aliisema chumvi yake, akamsema mke wangu kwa kuipika, akambeba mtoto wangu akamwambia ana kichwa cha kiazi. Jua lilipopungua akasimama. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Lualaba. Akanyoosha mkono ukutani, akautwaa mwavuli wangu wa mpini wa kuinama, akatoka nao.

Hakuomba. Hakugeuka. Nilisimama mlangoni nikamwona anashika njia isiyo ya Kabambare hata kidogo, na mwavuli wangu ameufungua wakati mvua bado haijanyesha. Mke wangu akaniuliza kwa nini simwiti.

Nikamwambia siruhusiwi.